Wajibu wa Mwenye Kutupa

Kitu kipya huingia nyumbani kwa shangwe. Kitanda kinapoletwa, watu watatu au wanne hukipokea mlangoni. Mmoja huelekeza, wa pili huonya kwamba ukuta usikwaruzwe, na watoto hutangulia mbio ili waone mahali kitakapowekwa. Bei yake hutajwa, fundi wake husifiwa, na jirani huitwa aje akitazame. Lakini hapana mtu amwitaye jirani siku kitanda hicho kinapotolewa. Miaka ishirini imepita, mbao zimelegea, mguu mmoja umevunjika, na kitanda hutoka kimya kimya, aghalabu usiku, mwenyewe akitumaini kwamba haonekani. Chombo ni kile kile na uzito wake ni ule ule. Kilikuwa fahari kilipoingia, kimekuwa fedheha kinapotoka.

Fedheha hiyo yastahili kufikiriwa, kwa sababu ndani yake mna swali ambalo watu wengi hulipita bila kusimama. Tumefundishwa sana jinsi mtu apatavyo mali: kwa jasho, kwa kununua, kwa kupewa, kwa kurithi. Juu ya kila njia ya kupata pana sheria, mashahidi na hati. Juu ya kuachana na mali tumefundishwa machache. Kuuza twajua, na kutoa sadaka twajua. Lakini kutupa? Je, mtu akikitoa kitu nje ya mlango wake na kusema moyoni, "Sikitaki tena," kitu hicho kimekwisha kuwa si chake? Na kama si chake, ni cha nani?

Wazee wa pwani walituachia methali isemayo, usiache mbachao kwa msala upitao. Mbacha ni mkeka mkuukuu uliochakaa, na methali yatuonya tusikitupe kidogo tulicho nacho kwa tamaa ya kizuri ambacho si chetu. Onyo hilo ni jema. Lakini methali hiyo haisemi neno juu ya siku ambayo msala haukupita, bali umekuja ukakaa, na mbacha umebaki umekunjwa pembeni bila kazi. Labda haikuwa na haja ya kusema. Mbacha ulisukwa kwa ukindu. Ulipokwisha kabisa ulipelekwa jaani, mvua ikaunyeshea, mchwa wakala sehemu yao, na msimu wa pili hapakuwa na mbacha tena. Kitanda cha kamba kilivunjwa kikawa kuni. Chungu kilichopasuka kiliwekwa maji ya kuku. Ardhi ilikuwa mshiriki katika shughuli hiyo, tena mshiriki asiyelalamika.

Zaidi ya hayo, kijijini watu hujuana. Mwenye kiti asichokihitaji humjua mjane asiye na kiti, na mjane hujua kwamba kiti kile kipo. Kitu hutoka mkono mmoja kikaingia mkono mwingine, na hapana mahali katikati ambapo hakina mwenyewe.

Mjini mambo haya mawili yote yamebadilika. Vitu vyenyewe si vile vya zamani: godoro ni la sponji, kabati ni la vumbi la mbao lililogandishwa kwa gundi, kochi lina chuma, nailoni na misumari ndani ya kitambaa, na jokofu lina gesi katika mirija yake. Ardhi haivitaki vitu hivi. Na watu wa mjini hawajuani. Katika jumba la familia arobaini, mtu wa ghorofa ya tatu yaweza kuwa anakivunjavunja kiti ili apate kukitoa, ilhali mtu wa ghorofa ya tano amekaa juu ya debe. Ukuta mmoja wawatenga, nao ni mrefu kuliko safari ya siku nzima.

Ndipo miji ilipolazimika kutunga kanuni. Nachagua mji wa New York nchini Marekani kuwa mfano, kwa sababu pale jambo hili laonekana wazi kuliko katika miji mingi. Ramani ya mitaa ya Manhattan iliyopitishwa mwaka 1811 ilipanga barabara zilizonyoka zikikatana kama nyuzi za mshipi, lakini haikuweka vichochoro nyuma ya nyumba. Basi mji huo ulikua mpaka ukapita watu milioni 8, na hata leo taka zake nyingi hutolewa kwa mlango wa mbele na kuwekwa kando ya njia ya waendao kwa miguu, machoni pa kila mtu. Hauna ua wa nyuma wa kuficha aibu yake.

Zamani aibu hiyo ilikuwa kubwa. Katika karne ya 19 mitaa ya New York ilikuwa na majivu, mabaki ya vyakula, samadi ya farasi, na mikokoteni iliyoachwa barabarani usiku kucha. Mwaka 1895 Kanali George Waring alipewa kazi ya kusafisha njia. Aliwavika wafagiaji nguo nyeupe, jambo lililochekwa mwanzoni, akaiondoa mikokoteni, na mwaka uliofuata akawataka wenye nyumba watenge taka zao kwa mafungu: vyakula mbali, majivu mbali, na takataka kavu mbali. Kwa kanuni hiyo aliwaambia watu kwamba kazi ya kutupa haianzi lori lifikapo. Yaanza ndani ya nyumba, mikononi mwa yule aliyekitumia kitu.

Leo Idara ya Usafi ya mji huo huchukua vyombo vikubwa vya majumbani bila malipo, lakini kwa masharti. Kitu kiwekwe nje jioni ya kuamkia siku ya lori, wala si siku mbili kabla. Kisizibe njia. Vyombo ambavyo sehemu yake kubwa ni chuma vina siku yake, kwa maana chuma hurudishwa viwandani. Tangu mwaka 2015 televisheni na kompyuta haziruhusiwi kuwekwa njiani kabisa. Zina mahali pake pa kupelekwa. Godoro sharti lifungwe ndani ya mfuko wa plastiki, au mwenyewe atozwe faini. Jokofu sharti litolewe mlango wake, na kabla ya kuliweka nje mtu afanye miadi na Idara ili mfanyakazi aje kuondoa gesi.

Kijana asomaye orodha hiyo huweza kucheka. Yaonekana kama kazi ya makarani wasio na kazi. Lakini kanuni za namna hii hazikuzuka zenyewe. Nyuma ya nyingi kati yake yuko mtu aliyeumia, na kanuni ni kumbukumbu yake, ijapokuwa jina lake halikuandikwa.

Tulichukue hilo la mlango wa jokofu. Majokofu ya zamani yalifungwa kwa komeo iliyoshikwa kwa nje. Aliyekuwa ndani hakuweza kuifungua. Jokofu bovu liliwekwa uani au kando ya njia. Mtoto akicheza mchezo wa kujificha aliliona, akaona ni maficho mema, akaingia na kuuvuta mlango. Mpira wa mlango, uliotengenezwa kwa ustadi ili baridi isitoke, ulizuia hewa isiingie na sauti isisikike. Watoto wengi Marekani walikufa kwa njia hiyo, hata mwaka 1956 nchi hiyo ikapitisha sheria kwamba kila jokofu jipya liweze kufunguliwa kwa ndani. Tangu mwisho wa Oktoba 1958 viwanda vililazimika kufuata sheria hiyo, na leo milango mingi hushikwa kwa sumaku tu. Lakini majokofu ya zamani yaliendelea kuishi miaka mingi baadaye. Kwa hiyo kanuni ya kung'oa mlango ikabaki.

Hapa pana jambo la kutafakari. Yule aliyeliweka jokofu nje hakutaka kumdhuru mtu. Hakumjua mtoto yule, na wakati wa msiba pengine alikuwa kazini akitafuta riziki. Ukimwuliza, atasema, "Mimi nilikuwa nimekwisha kulitupa." Kwake yeye chombo kilikuwa kimefika mwisho. Kwa mtoto kilikuwa ndipo kinaanza, kwani mtoto hajui neno takataka. Huona nyumba, pango au meli. Hatia ya namna hii haimo katika nia wala katika tendo la mkono. Imo katika kudhani kwamba kitu tulichoacha kukitazama kimeacha kuwapo.

Godoro nalo lina habari yake. Katika miaka ya 2000 kunguni waliongezeka mno New York, na kunguni hapendi chombo chochote kuliko godoro. Godoro lililo wazi njiani huweza kuwahamisha mpaka kwenye nguo za wazoa taka, na mpaka nyumbani kwa mpita njia aliyedhani amepata bahati. Mfuko wa plastiki wagharimu fedha kidogo. Kuwaondoa kunguni katika nyumba kwagharimu nyingi, na usingizi wa miezi. Ni adabu ndogo, kama ile ya kufunika mdomo wakati wa kukohoa. Habari ya gesi ni fupi: gesi zilizotumika katika majokofu ya zamani huharibu tabaka la ozoni lililo juu ya dunia, na mataifa yalipatana kuziacha kwa mkataba wa Montreal wa mwaka 1987. Mirija ikipasuliwa njiani, madhara hayana mtaa wala nchi.

Nimewataja wazoa taka, nami sitawapita upesi. Twasema, "Kitanda kimechukuliwa," kana kwamba kimejichukua. Lakini kila kitu kizito kilichotoka njiani kilinyanyuliwa na migongo ya watu. Tarehe 1 Februari 1968, katika mji wa Memphis, Marekani, wazoa taka wawili, Echol Cole na Robert Walker, waliingia sehemu ya nyuma ya lori lao ili kujikinga na mvua. Mtambo wa kushindilia taka ukaanza kufanya kazi, ukawaua. Walikuwa watu weusi, wenye mshahara mdogo, katika mji uliowachukua kuwa sehemu ya lori. Siku 11 baadaye wenzao wapatao 1,300 waligoma, wakatembea barabarani wakiwa na mabango yenye maneno machache tu: Mimi ni mtu. Martin Luther King alikwenda Memphis kuwaunga mkono, na huko huko akauawa kwa risasi tarehe 4 Aprili. Hawakufa kwa sababu ya kitanda cha mtu wala kwa kukosa kufuata kanuni za kutupa. Nawataja kwa sababu wengi wetu, tukivuka njia na kuona kwamba kochi la jana halipo, hatuulizi lilikwendaje. Kanuni isemayo kwamba kioo kivunjike kifungwe, misumari ipindwe, na kabati lenye uzito lifunguliwe vipande vipande, yamtaka mwenye nyumba amkumbuke mtu mmoja asiyemjua, ambaye atakuja alfajiri naye bado amelala.

Turudi kwenye swali la kwanza: kitu kilichowekwa njiani ni cha nani? Mwaka 1988 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kesi iliyotoka Laguna Beach, California. Polisi walimshuku mtu mmoja kwamba anafanya biashara ya dawa za kulevya. Wakamwomba mzoa taka awapatie mifuko aliyoitoa mtu huyo nje ya nyumba yake, wakaipekua bila hati ya hakimu, na wakapata walichokitafuta. Mtu yule alidai kwamba takataka zake ni siri yake. Majaji sita walimkatalia, wawili wakawa upande wake. Walio wengi walisema kwamba vitu vilivyoachwa njiani viko wazi kwa wanyama, kwa watoto, kwa waokotaji na kwa wapekuzi, na mwenyewe amevitoa kwa hiari ili wengine wavichukue. Majaji wawili waliopinga waliona kwamba mfuko wa taka umebeba maisha ya mtu, barua zake na maradhi yake, na hapaswi kunyimwa heshima kwa sababu tu sheria ya mji yamlazimisha kuutoa nje.

Ukiiweka hukumu hiyo karibu na kanuni za jokofu na godoro, utaona jambo la ajabu. Mara kitu kinapovuka ukingo wa njia, mwenye kutupa hawezi tena kusema, "Hiki ni changu." Lakini hawezi pia kusema, "Hiki si changu," kwani akiulizwa mlango wa jokofu uko wapi, jina litakaloandikwa katika hati ya faini ni lake. Haki ya mwenye mali hutangulia kuondoka. Wajibu huchelewa nyuma. Wengine huona kwamba hayo ni maonevu: vipi nibebe mzigo wa kitu ambacho sina tena nguvu juu yake? Mimi naona kwamba mambo ndivyo yalivyo hata pasipo sheria. Faida ya kitanda niliichukua mimi usiku baada ya usiku kwa miaka ishirini. Ikiwa uzito wake wa mwisho utamwangukia mtu mwingine, angalau nisimwangushie gizani.

Hata hivyo, si kila kanuni ya kutupa ni ya haki, na msomaji asidhani kwamba baraza la mji likiandika neno basi neno hilo limekuwa jema. Mjini Paris, tarehe 24 Novemba 1883, mkuu wa wilaya ya Seine aliyeitwa Eugène Poubelle alitoa amri kwamba kila nyumba iwe na vyombo vyenye vifuniko vya kuwekea taka. Amri ilikuwa ya manufaa kwa afya, wala hapana anayetamani kurudi nyuma. Lakini mji huo ulikuwa na maelfu ya waokota matambara, waliotembea usiku na taa, ndoano na kapu, wakichagua nguo, mifupa, karatasi na vyuma katika marundo, na kuviuza viwandani. Riziki yao ilikuwa ndani ya marundo yale. Walilia sana, na jina la mkuu yule likawa ndilo jina la debe la taka katika lugha ya Kifaransa mpaka leo; sijui kama katika dunia yuko mtawala mwingine aliyekumbukwa kwa namna hiyo. Lililo safi kwa mmoja huweza kuwa njaa kwa mwingine, na mtunga kanuni asipomwuliza mwokotaji, ameuliza nusu tu ya mji.

New York imejaribu kupita katikati. Sheria yake yakataza mtu kuja na gari kukusanya vyuma na vitu vingine vilivyowekwa nje kwa ajili ya lori la mji, na mkosaji huweza kutozwa faini kubwa na gari lake likazuiliwa. Lakini mpita njia anayejitwika kiti kichwani, kwa desturi, hapana amwandamaye. Naipenda tofauti hiyo kati ya mkono na gari. Mwenye gari amekuja kuvuna. Mwenye mkono amekuja kwa sababu hana kiti. Na kwa kuwa vitu huwekwa nje jioni na lori huja baadaye, hubaki usiku mmoja ambamo kitu kimekwisha kutupwa lakini hakijaharibiwa. Kwa usiku huo mmoja mji huwa kama kijiji: wa ghorofa ya tano hushuka akapata kiti cha wa ghorofa ya tatu, ijapokuwa hawakusalimiana.

Tokyo yafuata njia nyingine. Huko, katika mitaa 23 ya katikati, chombo cha nyumbani chenye upande upitao kiasi cha sentimita 30 ni taka kubwa. Mwenyewe hupiga simu au huandika maombi, huambiwa siku na gharama, kisha huenda dukani kununua stika za yeni 200 au 300 mpaka zitimie kiasi kilichotajwa. Huandika jina lake au namba yake juu ya stika, huibandika juu ya kabati, na kulitoa asubuhi ya siku ile kabla ya saa mbili. Tena majokofu, televisheni, mashine za kufulia na mitambo ya kupozea hewa havimo. Tangu mwaka 2001 vina sheria yake, na mwenye kutupa hulipa gharama ya kuvirudisha viwandani. Kitu hutoka kikiwa na jina juu yake, kama msafiri mwenye tikiti. Fedheha ile ya usiku imeondolewa.

Lakini malipo nayo yana mashaka. Mtu hulipa kwa moyo mweupe anapopata kitu. Hulipa kwa uchungu anapokitupa. Aliyekosa fedha, au aliyezoea hila, huchukua jokofu lake usiku akalitupa msituni au mtoni, na Wajapani, pamoja na sifa yao ya utaratibu, hawakuepukana na taabu hiyo. Wafaransa wameonyesha njia iliyo bora kidogo kwa maoni yangu: tangu mwaka 2006 kwa vyombo vya umeme, na tangu 2013 kwa samani, gharama ya mwisho wa chombo huongezwa katika bei yake siku kinaponunuliwa. Mnunuzi hulipia kitanda, hulipia na maziko ya kitanda, siku ile ya shangwe, jirani akitazama. Baada ya hapo hana sababu ya kuogopa gizani. Kenya nayo, kwa Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya mwaka 2022, imekubali wazo la kwamba aliyetengeneza au kuleta bidhaa ana wajibu mpaka mwisho wake.

Na Nairobi je? Hapa kitu hakifiki njiani upesi. Kochi likichoka, kwanza hupelekwa kwa fundi wa kando ya barabara, ambaye hulivua kitambaa na kulivika kingine. Likichoka tena hupewa ndugu, au hupakiwa juu ya basi likaenda mashambani. Chuma huchukuliwa na wenye mikokoteni wapitao mitaani wakinadi, na kilichosalia huishia mara nyingi katika jaa la Dandora, lililofunguliwa mwaka 1975, ambako waokotaji hulipekua tena. Wako wageni waonao utaratibu huu kuwa ni ukosefu wa utaratibu. Sikubaliani nao. Ngazi hiyo ya mikono mingi huokoa vitu ambavyo miji mitajiri huvishindilia ndani ya lori.

Lakini katika ngazi hiyo mna udanganyifu mmoja ambao vijana hawana budi kuujua, kwa maana watakutana nao. Mtu mwenye godoro lililojaa kunguni, au redio iliyoungua, humwita mtumishi wake wa nyumbani na kumwambia, "Chukua, nimekupa." Mtumishi hushukuru, kwani atasema nini? Hulibeba mpaka chumbani kwake, mwendo wa saa nzima, na huko hugundua kwamba amepewa kazi ya kutupa. Fedheha imehamishwa kutoka nyumba kubwa hadi nyumba ndogo, na juu yake imewekwa jina la ukarimu. Kumpa mtu kitu ambacho wewe mwenyewe ungelazimika kulipa ili kiondolewe si zawadi. Tena ni vibaya kuliko kukiweka njiani, kwa sababu njiani mpita njia ana uhuru wa kukikataa.

Hapo ndipo desturi moja ya New York inaponivutia kuliko kanuni zote za mji ule. Wenye nyumba wengine, wakikiweka kiti nje jioni, hubandika juu yake kipande cha karatasi. Mmoja huandika kwamba taa hii inawaka. Mwingine huandika kwamba mguu wa nyuma umelegea, wahitaji skrubu moja. Mwingine huandika juu ya godoro neno moja tu, kunguni, kwa herufi kubwa. Karatasi hiyo haina faida yoyote kwa aliyeiandika. Aisomaye hamjui, wala hatamwona, wala hatapata nafasi ya kumshukuru au kumlaumu. Wapo wasemao kwamba jambo jema kama hilo lingetungiwa sheria. Faini yaweza kumlazimu mtu kung'oa mlango wa jokofu na kulifunga godoro. Lakini askari atakayezunguka usiku akiuliza kila kiti kama kimesemewa kweli, huyo mji hauwezi kumwajiri.